Mlango Usiofunguka: nakshi za mbao za Waswahili juu ya kuta za sebule

Miongoni mwa sanaa za Waswahili, nakshi ya mbao imesifiwa sana na kusomwa kidogo. Utenzi umepata wahariri, riwaya imepata wahakiki, hata kanga ina wataalamu wake. Lakini mlango ulionakshiwa wa Lamu au wa Unguja umeachiwa wapiga picha na wafanyabiashara wa vitu vya kale. Matokeo yake huonekana katika sebule za Nairobi na za Ulaya, na katika hoteli za Unguja kwenyewe. Kizingiti cha juu kimetundikwa juu ya kochi. Ubao wa mlango umeegemezwa ukutani chini ya taa. Mwimo umekatwa vipande viwili ukawa pambo la kando ya kioo. Mwenye nyumba husema kwamba amehifadhi urithi. Mgeni wake husema kwamba ni kazi nzuri. Wote wawili hawasemi uongo. Hata hivyo swali la uhakiki labaki palepale: ubao ule, juu ya ukuta ule, wasema nini?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuutazama mlango kama matini, yaani kama maneno yaliyosemwa na mtu fulani, mahali fulani, mbele ya wasikilizaji fulani. Hoja yake ni moja. Mlango ukigeuzwa pambo la ndani haupotezi uzuri wake. Pengine uzuri huonekana zaidi, maana taa ya sebule hufika mahali ambapo jua la mtaani halifiki. Unachopoteza ni mambo matatu: majina ya sehemu zake, watu uliosema nao, na hesabu ya gharama yake. Hili la tatu lamhusu sana msomaji wa Kongo, kwa sababu ambayo itaonekana mbele.

1. Sehemu za mlango na majina yake

Mlango wa mji wa pwani si ubao mmoja. Kwanza ni fremu, yaani miimo miwili, wa kulia na wa kushoto, pamoja na kizingiti cha chini kinachovukwa kwa mguu na kizingiti cha juu, ambacho mara nyingi ndicho kinachobeba nakshi nzito kuliko zote. Ndani ya fremu zimo mbao mbili zinazofunguka kwa upande wa ndani. Mbao hizo hazikutegemea bawaba za chuma. Kila ubao ulizunguka juu ya ncha zake mbili, moja ya juu na moja ya chini, zilizoingia katika matundu ya vizingiti. Katikati, pale mbao zinapokutana, unasimama mfaa, ule mti mwembamba ulionakshiwa uliopigiliwa juu ya ubao mmoja ili kuuziba mwanya. Katika milango mikubwa ya Unguja huongezwa safu za misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa vilivyochongoka.

Fundi hakuitawanya nakshi yake kila mahali. Aliikusanya juu ya fremu na juu ya mfaa, na mbao zenyewe mara nyingi aliziacha wazi. Miti nayo ilichaguliwa: msaji ulioletwa kutoka Bara Hindi kwa jahazi, mbambakofi na mfenesi wa pwani yenyewe. Mitindo ilitofautiana kwa mahali na kwa wakati. Huko Siyu na katika miji ya Wabajuni nakshi ilipendelea maumbo ya jiometria yaliyokatwa kwa ncha ya patasi. Huko Unguja milango ya zamani ilikuwa na kizingiti cha juu kilichonyooka, kilichoandikwa aya au tarehe ya Hijria. Baadaye, hasa tangu enzi ya Sultani Barghash aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, mafundi wa Kihindi walieneza kizingiti chenye umbo la upinde, kilichojaa majani na maua. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa na milango mikubwa ya enzi hiyo.

Mwanaisimu ataona jambo jingine. Majina haya si majina ya vitu tu, bali ni majina ya uhusiano. Mwimo latokana na kitenzi cha kale kuima, maana yake kusimama: mwimo ni kile kinachosimama. Mwimo uliolazwa juu ya kochi umekwisha kupoteza maana ya jina lake kabla ya kupoteza nakshi yake. Mfaa vilevile si mfaa ila kwa sababu kuna mbao mbili na mwanya kati yake. Ukiuchomoa na kuutundika peke yake, unakuwa ubao mrefu wenye maua, na muuzaji hana budi kuutafutia jina jipya katika lugha nyingine. Ndivyo katalogi za vitu vya kale zinavyofanya. Kila kitu ndani yake huitwa kipande, paneli au pambo. Msamiati wa watu watano wenye kazi tano tofauti umekuwa neno moja.

Neno mlango lenyewe lina mizizi mirefu zaidi. Huko Lamu na Unguja mlango ni pia ukoo, yaani watu wa jadi moja ambao mtu huhesabiwa kwao. Jambo hilo si la pwani peke yake. Katika Kinyarwanda na Kirundi, lugha ambazo wasomaji wengi wa Kivu wazifahamu, umuryango ni mahali pa kuingilia nyumbani na ni jamaa pia. Vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili navyo viliita sura ya kitabu mlango. Kwa hiyo Kiswahili hakikuutazama mlango kama kifuniko cha tundu la ukuta. Kiliutazama kama mahali ambapo ukoo huanza na maneno hufunguliwa. Anayeng'oa mlango kutoka nyumba ya watu, hata akiwalipa vizuri, amegusa neno lenye maana tatu kwa mkono mmoja.

2. Uso unaotazama njia

Kila matini ina msikilizaji wake. Msikilizaji wa mlango alikuwa mpita njia. Nakshi ilitazama nje, si ndani. Aliyekaa ndani ya nyumba aliuona mgongo wa ubao. Mbele ya mlango palikuwa na baraza za mawe, na huko Lamu mlango uliingizwa nyuma kidogo katika daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia wenye vikao pande mbili. Hapo wanaume walikaa, walizungumza, walifanya biashara. Mlango ulikuwa nyuma yao kama shahidi. Jirani aliuona asubuhi na jioni, naye alijua ni wa nani, umechongwa mwaka gani, na kama mwenyewe alikuwa na uwezo kweli au alijikweza kwa deni.

Ndani ya nyumba kulikuwa na pambo jingine kabisa. Katika nyumba kubwa za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, kuta za chumba cha ndani zilijengwa zidaka, yaani safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, ambamo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China na vitu vya thamani vya bibi wa nyumba. Basi Waswahili walikuwa na mpango: nakshi ya ubao kwa ajili ya njia, nakshi ya chokaa kwa ajili ya ndani. Ya kwanza ilisema na mji. Ya pili ilisema na jamaa, na bibi arusi, na wageni wachache walioruhusiwa kufika huko. Sanaa mbili, wasikilizaji wawili, daraja mbili za heshima.

Pambo la kisasa la sebule laupindua mpango huo. Uso uliochongwa kwa ajili ya njia umefungiwa ndani, nao sasa wasema na watu walioalikwa tu. Jirani hauoni. Aya iliyoandikwa juu ya kizingiti ili kila aingiaye apite chini yake, sasa haipitiwi na mtu. Chini yake pamewekwa mito ya kochi. Yaweza kusemwa kwamba aya ni ileile na herufi ni zilezile. Ni kweli. Lakini salamu iliyoandikwa mlangoni na salamu hiyohiyo iliyowekwa katika fremu ya kioo si tendo moja. Ya kwanza humpokea mtu. Ya pili humwonyesha mtu jinsi wengine walivyopokewa zamani.

Hapa ndipo kasoro ya kwanza ya mtindo huu wa kupamba ilipo, nayo ni kasoro ya sanaa kabla ya kuwa kasoro ya maadili. Mpambaji ameichukua sanaa ya mahali na kuitumia kama sanaa ya picha. Amedhani kwamba nakshi ni uso tu. Ukubwa wa kizingiti, uzito wa mwimo, kina cha patasi, vyote vilipimwa kwa jicho la mtu anayetembea, katika njia nyembamba, chini ya jua kali lenye vivuli vikali. Katika sebule yenye taa laini, nakshi ileile huonekana nzito kupita kiasi, kama msemaji wa hadhara anayepaza sauti chumbani.

3. Kamusi ya alama

Mtundikaji naye huhitaji maana, kwa kuwa mgeni huuliza. Maana hiyo hupatikana kwa urahisi. Mwaka 1924 Bwana F. R. Barton alichapisha katika jarida la Uingereza liitwalo Man makala juu ya milango ya Zanzibar, akaeleza alama zake moja moja: samaki ni alama ya uzazi, yungiyungi yatoka Misri ya kale, mtende ni neema, mnyororo ni ulinzi au ni utumwa. Tangu hapo orodha hiyo imerudiwa na waongoza watalii, na wauzaji wa vitu vya kale, na wenye hoteli, hata imekuwa kama kamusi ndogo inayofuatana na kila ubao.

Kamusi hiyo inafaa sebule kuliko inavyofaa mlango. Kwa nini? Kwa sababu hukikata kila kipengele na kukipa maana peke yake, kama vile msumeno ulivyoukata ubao wenyewe. Samaki anayepanda mwimo tangu chini hadi juu na mnyororo unaozunguka fremu nzima havikuwa maneno yaliyotengana. Mnyororo ni mpaka: hufuata ukingo wa mwanya, huonyesha mahali nje inapokwisha na ndani inapoanza. Mpaka usiozunguka kitu si mpaka tena. Ndipo unapohitaji hadithi, na hadithi inayouzika kuliko zote ni ile isemayo kwamba mnyororo huonyesha kuwa mwenye nyumba aliuza watumwa.

Ni lazima kuwa mwangalifu hapa. Kuikataa tafsiri hiyo si kuukataa utumwa. Unguja ilikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash alishurutishwa na Waingereza kuutia sahihi. Hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria huko hadi 1897. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa. Kosa la kamusi ya alama ni kuutafuta utumwa mahali pasipo pake. Utumwa haumo katika mnyororo uliochongwa. Umo katika bei ya mlango, hata ule usio na mnyororo wowote, hata ule wenye maua matupu na jina la Mungu. Aliyeonyeshwa mnyororo na kuambiwa kwamba huu ndio utumwa, hugeuka akautazama mlango wa pili wenye yungiyungi na kudhani kwamba huo hauna hatia.

4. Gharama ya mlango

Msaji wa Bara Hindi, shaba, ujira wa fundi wa miezi mingi: vitu hivi vililipwa kwa nini? Vililipwa kwa karafuu, kwa pembe za ndovu na kwa watu. Na sehemu kubwa ya pembe za miaka ya 1870 na 1880 ilitoka Manyema, ikapita Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, mji ambao nao una milango yake ya nakshi, kisha ikavushwa hadi Unguja.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alifanya makao yake Kasongo, akawekwa na Leopold II kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, akarudi Unguja, akafa huko mwaka 1905. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ni miongoni mwa matini za kwanza za nathari ndefu ambazo mwanafunzi wa Kiswahili wa Kongo hana budi kuzisoma. Nyumba yake ya Mji Mkongwe ingaliko, na mlango wake ulionakshiwa huonyeshwa wageni. Msomaji wa Lubumbashi, wa Kindu au wa Kisangani anayesimama mbele yake hasimami mbele ya sanaa ya nchi ya mbali. Asimama mbele ya mwisho wa njia iliyoanzia kwao.

Kasongo yenyewe haikukosa anasa. Jeshi la Dhanis lilipouteka mji huo mwaka 1893, daktari Sidney Hinde aliyefuatana nalo aliandika baadaye jinsi askari wa kawaida walivyolala juu ya magodoro ya hariri, katika vitanda vilivyochongwa. Kwa hiyo mti uliochongwa ulifika mpaka Lualaba. Lakini huko Manyema nyumba za udongo zilibomoka na mbao zikaoza au zikachomwa, ilhali huko Unguja kuta za mawe zilisimama. Njia ilikuwa moja, lakini alama zake zimebaki upande mmoja tu. Huku Kongo kilichobaki ni lugha. Kiswahili cha Maniema, na kwa njia nyingine kile cha Kisangani, ni mabaki ya msafara uleule ulioulipia mlango wa Unguja. Mlango na lugha ni ndugu wa damu, ingawa mmoja alikwenda mashariki akavalishwa shaba na mwingine akabaki magharibi bila mapambo.

Ikiwa ni hivyo, sebule imefanya jambo zito kuliko kuharibu urembo. Imeufanya ubao usiwe na deni. Katika nyumba yake, mlango ulikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa na jina. Jina lilikuwa na biashara. Biashara ilikuwa na njia. Na njia ilikuwa na watu waliobeba pembe mabegani. Ondoa nyumba, na mnyororo huu wa kweli, ambao haukuchongwa na fundi yeyote, wakatika. Kilichobaki ukutani ni mti mzuri wa zamani.

5. Hoja za watundikaji

Haitakuwa haki kuwahukumu watundikaji pasipo kuwasikiliza. Hoja yao ya kwanza ni nzito. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, zikakaa miaka mingi bila matengenezo, na baadhi yake zikaanguka pamoja na milango yake. Mamlaka ya hifadhi iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu ikafuata mwaka 2001. Lakini hata baada ya hayo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Anayesema kwamba ubao ulio sebuleni ni afadhali kuliko ubao uliozikwa chini ya kifusi hasemi upuuzi.

Sheria nazo zilijaribu. Sheria ya mambo ya kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 ililinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki. Ile ya Kenya ya mwaka 1983, na baadaye ile ya 2006, ziliweka mpaka wa mwaka 1946. Ni jambo la ajabu na la kusifiwa kwamba mlango ulitajwa kwa jina katika sheria. Lakini msomaji wa lugha ataona kwamba sheria ya Kenya yasema mlango au fremu yake. Neno hilo dogo, au, limekwisha kuutenganisha ubao na mwimo. Sheria imeulinda mlango kama kitu kinachochukulika, kinachohitaji kibali ili kivuke mpaka wa nchi. Uhusiano wake na nyumba hauna jina katika kifungu hicho.

Hoja ya pili ni ya werevu zaidi. Je, Waswahili wenyewe hawakupamba kuta kwa vitu vya watu wengine? Bakuli za China, zilizofinyangwa ili watu wale na kunywa, ziliwekwa katika zidaka, nazo zilipachikwa hata katika nguzo za makaburi ya kale ya pwani. Nani aliwalaumu? Jibu ni kwamba bakuli lilikuwa bidhaa tangu mwanzo. Mfinyanzi alilifanya ili liuzwe kwa mtu asiyemjua, na kuliondoa China hakukubomoa nyumba ya mtu. Mlango ulifanywa kwa ajili ya nyumba moja na jina moja, na fremu yake ilijengewa ndani ya ukuta wa mawe na chokaa: kuing'oa ni kuuvunja ukuta.

Hoja ya tatu ni kwamba milango imekuwa ikihama sikuzote, na kwamba makumbusho yote yamejaa. Hapa mfano wa Nigeria wafaa kukumbukwa. Mlango wa jumba la mfalme wa Ikere, uliochongwa na fundi mkuu Olowe wa Ise, ulionyeshwa katika maonyesho ya Wembley mwaka 1924, kisha ukaingia British Museum. Lakini mfalme alipewa kiti cha enzi kilichotengenezwa Uingereza, na Olowe, aliyekuwa hai, alichonga mlango mwingine mahali pa ule wa kwanza. Tofauti ni wazi. Huko Ikere mlango uliondoka, nafasi yake haikuachwa tupu. Sanaa iliendelea kufanya kazi katika nyumba yake. Soko la milango ya pwani mara nyingi limefanya kinyume: limelipa vizuri kwa kazi ya fundi aliyekufa na vibaya kwa kazi ya fundi aliye hai. Nao wapo. Huko Lamu na Unguja nakshi bado hukatwa, na vijana bado hujifunza patasi kwa mafundi wazee.

6. Kipimo cha ukumbusho

Kutokana na hayo, kipimo gani kitumike? Kongo inacho kimoja, nacho kilizaliwa sebuleni. Katika miaka ya 1970 Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walichunguza picha zilizochorwa na wachoraji wa mitaani wa Shaba na kutundikwa katika nyumba za wafanyakazi wa Lubumbashi na miji jirani. Waliona kwamba wenye nyumba walitumia neno moja kueleza thamani ya picha: ukumbusho. Uzuri wa rangi haukutosha. Picha ilipaswa kumfanya mtu akumbuke na kuanza kusimulia. Miongoni mwa picha hizo zilikuwamo zile za wakati wa Waarabu, zenye watu waliofungwa shingoni wakiongozwa msafarani, na zile zilizoitwa Colonie Belge. Watu wenye mshahara mdogo walitundika juu ya meza ya chakula jambo ambalo wangeweza kulisahau, ili wasilisahau.

Ziwekwe sebule mbili pamoja. Katika ile ya Lubumbashi, turubai ya bei ndogo yaonyesha msafara. Katika ile nyingine, ya mbali, mti wa bei kubwa ulilipwa kwa msafara uleule. Ya kwanza yasimulia. Ya pili yanyamaza. Mhakiki akiulizwa ipi kati ya hizo mbili ni pambo kamili la ukuta, jibu lake lisitokane na ufundi wa mkono, kwa kuwa mchonga nakshi amemshinda mchoraji mbali sana kwa ufundi. Litokane na kazi ambayo kitu hicho chaifanya ukutani.

Kwa kipimo hicho mbao zilizotundikwa si zote za daraja moja. Mlango uliopachikwa tena mahali pa kupita, ukafunguka na kufungwa, umepoteza majirani wake wa kwanza lakini umebaki mlango; mwimo wake wasimama. Ubao uliotundikwa pamoja na habari zake, yaani nyumba, mtaa, mwaka, jina la mwenyewe na biashara yake, umekuwa hati. Hati si mlango, lakini husomwa, na yaweza kumtia mtu ukumbusho. Ubao uliokatwa ukawa meza au pambo lisilo na jina, huo umenyamazishwa, na sifa ya kuhifadhi urithi haimstahili aliyeukata. Na anayetaka nakshi ukutani kwa ajili ya uzuri wake tu, jambo lisilo na aibu, ana njia iliyo bora: amwagize fundi aliye hai amchongee ubao kwa kipimo cha ukuta wake na mwanga wa taa yake. Ubao huo hautakuwa umetolewa katika nyumba ya mtu yeyote.

Kwa masomo ya Kiswahili huku Kongo kazi iko wazi. Fundi wa Lubumbashi husema mulango, na sehemu zake nyingi huzitaja kwa maneno yenye asili ya Kifaransa. Hakuna lawama, maana mlango wake ni mwingine. Lakini mwanafunzi anayesoma habari za Tippu Tip bila kuujua mfaa, mwimo wala daka husoma safari isiyo na mahali ilikofikia. Orodha ya maneno haya, ikikusanywa kwa mafundi wenyewe na kuwekwa karibu na ramani ya njia ya Manyema, itarudisha kitu ambacho wanunuzi wa mbao hawakukichukua kwa sababu hawakujua kwamba kipo.